Kigezo Kimoja au Arobaini? Historia Fupi ya Kukadiria Farasi, Kutoka Ngong hadi Hong Kong

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na wengine mmeshaanza kudhani nimefunga duka. La, sijafunga. Kazi za watu zilinibana, kisha nikaenda nyumbani Kaloleni kwa siku nne kupumzisha kichwa, na huko ndiko nilikoipata mada ya leo. Si mada ya kawaida hapa, kwa sababu leo tunazungumzia farasi. Vumilieni kidogo, tarakilishi zitaingia huko mbele.

Ilikuwa hivi. Jioni ya kwanza binamu yangu alinijia na daftari la shule. Yeye anaendesha bodaboda, na pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Ndani ya daftari ameandika kila mkeka aliobeti kwa miezi saba: tarehe, mechi, pesa alizoweka na pesa alizopata. Muda wote huo alikuwa akifuata kigezo kimoja tu, timu inayocheza nyumbani. Sasa ameona hakitoshi. "Kaka," akaniambia, "wewe umesomea mambo haya. Nitengenezee programu inayotazama kila kitu. Nyumbani na ugenini, majeruhi, mvua, refa, kocha, mechi tano zilizopita. Kila kitu. Hapo siwezi kukosa."

Kabla sijajibu, mjomba, ambaye ndiye babake, akacheka pale alipoketi chini ya mwembe. Mjomba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye mabanda ya Nairobi karibu na uwanja wa Ngong, miaka ya themanini na tisini. "Ubishi huo wa kutazama kimoja au kutazama vyote," akasema, "niliuacha Ngong ukiendelea."

Basi nikaanza kuchimba, na nilichokikuta kinamhusu kila mtu anayeandika programu za kutabiri jambo lolote, iwe ni mvua, mauzo ya duka au mkopaji atakayelipa. Haya, twende pole pole.

RISASI NDANI YA TANDIKO

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Waingereza wana neno moja lenye maana mbili, nami nitaliita handikapu. Maana ya kwanza ni kazi ya ofisa wa mbio anayewasawazisha farasi. Farasi aliye bora hubebeshwa uzito zaidi, na yule dhaifu hupunguziwa. Uzito huo ni vipande vya risasi (si risasi ya bunduki, ni ile madini nzito) vinavyotiwa kwenye mifuko ya tandiko mpaka mpanda farasi na tandiko lake wafikie kilo zilizoandikwa. Shabaha yake ni kwamba, kama hesabu ya ofisa ingekuwa kamili, farasi wote wangefika mwisho kwa pamoja.

Maana ya pili ni kazi ya mtu anayebeti: kukaa na karatasi, kuwapima farasi wale wale, na kukisia ni nani atashinda licha ya risasi hizo.

Mtu aliyeifanya kazi ya kwanza kuwa fani ni Henry John Rous, Mwingereza aliyekuwa mwanamaji kabla ya kujitosa katika mbio za farasi. Mwaka 1855 alikabidhiwa kazi ya kupanga uzito wa farasi, na ndiye aliyetengeneza jedwali la uzito kwa umri: farasi wa miaka miwili au mitatu apunguziwe kiasi gani akishindana na wakubwa wake, katika mwezi gani wa mwaka na kwa umbali gani. Kwa lugha yetu ya programu, Rous aliandika jedwali lenye safu tatu, umri, mwezi na umbali, na jibu likawa uzito. Alifariki mwaka 1877, lakini wazo la jedwali lake linatumika mpaka leo.

Shikeni jambo hili moja kabla hatujaendelea, maana nitalirudia. Mtu akisema "mimi nachagua farasi bora tu," amesahau kwamba ofisa naye anamjua farasi bora, na tayari amemtilia risasi.

HUKU KWETU NI NCHI YA PUNDA

Mbio za farasi zililetwa Kenya na walowezi wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Huku pwani hazikuota mizizi, na sababu kubwa ni maradhi. Mbung'o huleta nagana, na visubi hueneza ugonjwa mwingine unaoua farasi kwa siku chache. Mnyama aliyestahimili pwani ni punda, na ndiyo maana Lamu hushindanisha punda wakati wa Maulidi. Nyanda za juu zilikuwa na nafuu, kwa hiyo farasi wakawa wa Nairobi, Njoro na Nakuru. Uwanja wa Ngong, ulio kando ya barabara ya Ngong, umekuwa makao ya mbio hizo tangu mwaka 1954.

Mtu anayejulikana zaidi katika historia hiyo ni Beryl Markham. Wengi wanamkumbuka kama rubani aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1936, akitoka Uingereza kuelekea magharibi. Lakini kabla ya ndege na baada ya ndege, kazi yake ilikuwa kufundisha farasi wa mbio. Alikulia Njoro, ambako baba yake alikuwa mkufunzi wa farasi, na mwaka 1926, akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, farasi wake aitwaye Wise Child alishinda mbio za St. Leger jijini Nairobi. Farasi huyo alikuwa na kano dhaifu za miguu. Aliyekuwa akipima farasi kwa kigezo kimoja cha miguu, siku hiyo alipoteza pesa zake.

Nilimsimulia mjomba kisa hicho nikidhani nimeshinda ubishi kwa niaba ya vigezo vingi. Akanitazama tu. "Huyo mama aliijua miguu ile kuliko watu wote waliokuwa uwanjani," akasema. "Wao waliona miguu mibovu. Yeye alijua mibovu kiasi gani."

Wasomaji, sentensi hiyo nililala nayo.

WATU WA KIGEZO KIMOJA

Tuvuke bahari sasa. Marekani mbio zilikuwa biashara kubwa, na tangu mwaka 1894 kulikuwa na gazeti maalumu, Daily Racing Form, lililochapisha rekodi za farasi. Yaani takwimu zilikuwa wazi kwa kila mwenye senti za kununua gazeti. Palipo na takwimu huzuka wenye mifumo. Kuna waliofuata uzito tu. Kuna waliofuata mpanda farasi tu. Kuna waliofuata mkufunzi, au namba ya lango la kuanzia.

Kati ya watu wa kigezo kimoja, aliyetikisa zaidi ni Andrew Beyer, mwandishi wa safu za mbio. Mwaka 1975 alitoa kitabu kiitwacho Picking Winners, na hoja yake kuu ilikuwa kasi. Lakini kasi si muda wa saa peke yake, kwa sababu sekunde 72 kwenye uwanja mkavu si sawa na sekunde 72 kwenye matope. Beyer alichukua muda wa farasi, akaurekebisha kulingana na umbali na hali ya uwanja siku ile, akapata namba moja. Farasi aliyekimbia New York sasa angeweza kulinganishwa na aliyekimbia Maryland kwa kutazama namba mbili tu. Kwa waliokuwa na subira ya kuzikokotoa namba hizo kwa mkono, faida ilikuwepo kweli.

Kisha likatokea jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa historia ya tekinolojia angelitarajia. Namba hizo zikapendwa. Mwaka 1992 gazeti la Daily Racing Form lenyewe likaanza kuzichapisha, na kila mtu akazipata tayari zimepikwa. Farasi mwenye namba kubwa akakimbiliwa na wote, odi yake (yaani kila shilingi uliyoweka itakulipa ngapi) ikashuka, na utamu ukapungua. Namba haikuwa imeacha kuwa sahihi. Ilikuwa imeacha kuwa siri.

WATU WA VIGEZO VYOTE

Upande wa pili walikuwepo waliosema kigezo kimoja ni uvivu. Mashuhuri wao alikuwa Tom Ainslie, jina la kalamu la mwandishi Richard Carter, aliyetoa mwongozo mkubwa mwaka 1968. Kwake, mkadiriaji wa kweli hutazama umbali, hali ya farasi kwa wakati huo, daraja la mbio, umri, uzito, mpanda farasi, mkufunzi, kasi, hata jinsi farasi anavyotembea kabla ya mbio. Vyote vipimwe pamoja, na mbio zisizoeleweka ziachwe. Sikia busara hiyo! Ndiyo hiyo binamu yangu aliyoitaka, ingawa ile ya kuacha mechi hakuitaja.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Slovic, akaupima ubishi huu. Aliwachukua wakadiriaji 8 wazoefu na kuwapa orodha ya vigezo 88, wachague wanavyovithamini zaidi. Kisha akawapa mbio 40 zilizokwisha kukimbiwa, bila majina ya farasi, watabiri. Kwanza kwa vigezo 5, halafu 10, halafu 20, mwisho 40.

Kwa vigezo 5 walipata sahihi kiasi cha 17 kwa 100. Hiyo ni afadhali kuliko kubahatisha, maana kila mbio ilikuwa na farasi kama 10. Kwa vigezo 40? Kiasi cha 17 kwa 100 vile vile. Kilichobadilika ni imani yao. Kwa vigezo 5 walijiamini kwa kiasi cha 19 kwa 100, karibu sawa na uwezo wao halisi. Kwa vigezo 40 imani yao ilipita 30 kwa 100. Yaani habari zilizoongezwa hazikuongeza ujuzi, ziliongeza kiburi. Na mtu mwenye kiburi huweka pesa nyingi zaidi.

Msinielewe vibaya, Slovic hakuthibitisha kwamba vigezo vingi havina maana. Alionyesha kwamba kichwa cha binadamu hakiwezi kuvipima vingi kwa pamoja. Mwaka 1979 mwenzake Robyn Dawes alieleza kwamba hata mlinganyo mwepesi, unaochukua vigezo vichache vizuri na kuvijumlisha kwa uzani sawa, mara nyingi huwashinda wataalamu wanaokisia kwa hisia. Swali likawa je, mashine ikifanya kazi ya kupima?

HONG KONG

Hapa ndipo tarakilishi zinapoingia, kama nilivyoahidi. (Kwa kweli zilishaingia zamani. Mwaka 1913, kwenye uwanja wa Ellerslie huko Auckland, New Zealand, mhandisi George Julius alifunga mashine kubwa ya gia na nyaya iliyojumlisha pesa za wabeti wote papo hapo. Awali aliibuni kwa ajili ya kuhesabu kura, serikali ikaikataa. Iko siku nitaiandikia makala yake.)

Mwaka 1986 wasomi wawili, Ruth Bolton na Randall Chapman, walichapisha utafiti uliotumia mbio 200 na mlinganyo wa takwimu unaokadiria uwezekano wa kila farasi kushinda, vigezo vyote vikipimwa kwa pamoja. Badala ya mtu kuamua kwamba kasi ni muhimu kuliko uzito, mlinganyo unajifunza uzani huo kutoka kwenye matokeo yaliyopita.

Wakati huo huo Mmarekani aitwaye Bill Benter, pamoja na mshirika wake Alan Woods, walikuwa wamehamia Hong Kong kujaribu jambo kama hilo kwa pesa halisi. Kwa nini Hong Kong? Kwa sababu ya takwimu safi. Viwanja ni viwili tu, Happy Valley na Sha Tin, farasi ni wale wale kiasi cha elfu moja, wapanda farasi ni wale wale, na pesa zinazobetiwa ni nyingi mno. Ukiwa mwandishi wa programu unaona mara moja: ni maabara.

Mwanzoni walipoteza. Benter akaendelea kuongeza vigezo na kurekebisha programu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1994 aliandika makala ya kueleza alichokifanya, na ndani yake mna jambo ambalo wengi wanaomtaja hulisahau. Programu yake ya vigezo vingi, ikiwa peke yake, ilikuwa ikijidanganya. Pale ilipotofautiana sana na odi za umma, mara nyingi umma ndio uliokuwa sahihi, kwa sababu kati ya watu hao maelfu wamo wanaojua mambo yasiyoandikwa popote. Dawa yake ilikuwa kuzichukua odi zenyewe na kuzitia ndani ya mlinganyo kama kigezo kingine, kisha kubeti pale tu programu ilipokuwa na kitu cha kuongeza juu ya kile ambacho umma ulishakijua. Hata hivyo, ilibidi kitu hicho kiwe kikubwa cha kutosha kufidia makato ya uwanja, ambayo yalizidi shilingi 15 kwa kila 100.

Sasa rudini kwa Rous na risasi zake. Odi ni risasi ile ile. Ofisa wa mbio hukiondoa kigezo kinachojulikana kwa kukitilia uzito kwenye tandiko. Umma hukiondoa kwa kushusha malipo. Kwa hiyo ubishi wa kigezo kimoja au arobaini ulikuwa umeulizwa vibaya tangu mwanzo. Kigezo kimoja usichokijua wewe peke yako ni bure, na arobaini usivyovijua wewe peke yako ni bure mara arobaini. Beyer alikuwa na kimoja, kikafa siku kilipochapishwa. Benter alikuwa navyo vingi, lakini alitengeneza utajiri kwa ile tofauti ndogo iliyobaki baada ya kuheshimu alichojua kila mtu.

TURUDI KALOLENI

Nilimtengenezea binamu programu yake. Kweli, nilikaa usiku mbili. Nilichukua matokeo ya misimu iliyopita, nikaandika modeli ya kigezo kimoja (nyumbani) na nyingine ya vigezo vingi. Ya vigezo vingi iliishinda ya kigezo kimoja kidogo. Kisha nikazilinganisha zote mbili na odi za kampuni. Zote mbili zilishindwa. Kampuni zina wataalamu, zina takwimu nilizonazo na nisizonazo, na juu ya hayo zinakata chao.

Nikamwonyesha kwa mfano. Tuseme odi za mechi ni 2.50, 3.10 na 2.70. Gawa 1 kwa kila moja, ujumlishe: 0.400 na 0.323 na 0.370 ni 1.093. Ingekuwa haki kamili ingekuwa 1. Hiyo ziada maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 100 unarudishiwa, kwa wastani, 91 na nusu. Si mbaya sana, au siyo? Lakini binamu habeti mechi moja. Mkeka wake una mechi tano, na makato huzidishana: 0.915 mara tano kwa yenyewe ni 0.64. Shilingi 36 katika kila 100 zimekwenda kabla mpira haujapigwa. Na ile jekpoti ya mechi 17 ambayo kila mtu huiota? Hata kama ungekuwa sahihi mara 6 katika kila 10, ambao ni ustadi mkubwa, utazipata zote 17 mara moja katika majaribio kama 5,900.

Halafu nikafanya kitu ambacho yeye hakuwahi kukifanya. Nilijumlisha daftari. Miezi saba, aliweka shilingi 61,350. Alipata shilingi 38,200. Ukigawa, ni 0.62. Ndugu zangu, hesabu ya mfano ilisema 0.64. Timu ya nyumbani, hisia, ndoto, rafiki wa pale stejini aliye na habari za ndani, yote hayo kwa miezi saba yalimleta pale pale ambapo angefika kwa kubahatisha macho yamefungwa. Na zile shilingi 23,150 zilizokosekana ni zaidi ya malipo yote ya mkopo aliyokuwa ameyaruka.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na kama nikiweka mechi moja moja?"

Ni swali zuri, nikalijibu kwa ukweli: utapoteza pole pole zaidi.

Mjomba ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alisema pale Ngong kulikuwa na kigezo kimoja tu alichokiamini, na hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Kila alfajiri yeye ndiye aliyeosha ndoo za chakula. Farasi aliyeacha chakula usiku hakushinda mchana, hata awe nani. Nikamuuliza mbona basi hakutajirika. "Kwa sababu mshahara wa saisi hautoshi kubeti," akasema, "na kwa sababu hiyo ilikuwa inanionyesha atakayeshindwa tu. Atakayeshinda, ndoo haikusema." Akamgeukia mwanawe. "Wewe ni ndoo ipi uliyoiosha huko Uingereza?"

Binamu alicheka kidogo, akachukua daftari lake, akawasha pikipiki. Sijui kama ameacha. Jana alinipigia akitaka nimwandikie programu nyingine, ya kuweka hesabu ya mafuta, abiria na malipo ya mkopo kila siku. Hiyo nimeianza leo asubuhi, na vigezo vyake vyote anavijua yeye mwenyewe.

Tuonane juma lijalo, inshallah. Nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida.